Kwetu Tu au Mtaa Mzima? Tafakuri Juu ya Vitufe vya Ruta ya Nyumbani

Umeme ukikatika usiku, Mtanzania haanzi kwa kumwita fundi. Hufungua mlango, husimama barazani, hutazama taa za majirani. Akiona mtaa mzima umezama gizani, hurudi ndani kutafuta mshumaa na kulalamika kwa haki yake. Akiona majirani wanang'ara, hujua kwamba shida ni ya nyumba yake: ama uniti za LUKU zimekwisha, ama swichi kuu imeanguka. Swali hilo, "kwetu tu au mtaa mzima?", hatukufundishwa darasani wala semina haikuandaliwa. Tulilipata kwa kuishi na umeme miaka mingi, na ndilo linalotuwezesha kujua lini tujilaumu na lini tumlaumu mwingine.

Kwa upande wa intaneti ya nyumbani swali hilo bado hatuna. Nimelitambua jambo hili kwa njia ya aibu kidogo, ndani ya familia yangu mwenyewe.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa hisabati, anayeishi kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimnunulia ruta, lile kasha jeupe linalomeza laini ya simu na kugawa mtandao nyumba nzima. Halikununuliwa kwa anasa. Mjukuu wa mjomba anasoma stashahada kwa masafa, na kazi zake za masomo huzituma chuoni kwa kompyuta.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini. Mjomba hakujua. Alichokiona ni mjukuu akihangaika mbele ya kompyuta. Akakumbuka kwamba fundi wa mjini, kila alipoitwa, alikuwa akichukua pini, akiichomeka katika tundu dogo nyuma ya ruta, akishikilia kidogo, kisha mambo yakanyooka. Mjomba akatafuta pini ya nguo, akaichomeka kwenye tundu lililoandikwa RESET, akashikilia mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Mtandao haukuja. Jioni akarudia. Kesho yake akarudia tena, na siku iliyofuata vilevile. Nilipompigia simu kumjulia hali, neno lake la kwanza baada ya marahaba lilikuwa, "Mpwa wangu, nadhani nimeiharibu mashine ya watu."

Tarehe 3 Novemba intaneti ilianza kurejea. Simu za majirani zikalia kwa ujumbe uliokuwa umelundikana. Nyumbani kwa mjomba kimya. Pini ilikuwa imefanya ilichotengenezwa kufanya: imefuta jina la mtandao, imefuta nywila, imefuta na mipangilio ya laini ambayo fundi aliiingiza siku ya kwanza. Kompyuta iliendelea kutafuta mtandao wa jina la zamani ambao haukuwapo tena. Karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya ruta, yenye jina na nywila ya kiwandani, ilikuwa imebanduliwa. Nani aliibandua, hakuna ajuaye. Fundi akataka shilingi 20,000 na nauli, katika mwezi ambao fedha ilikuwa haba. Simu janja pekee ya nyumba ile ilikuwa imesafiri na mama wa binti kwenda Ifakara. Binti alipopata hatimaye simu ya jirani ya kuazima, dirisha la kupokea kazi lilikuwa limefungwa tangu juzi yake. Somo hilo atalirudia.

Waliozima walikwisha kuwasha, lakini nyumba moja Mabwerebwere ilibaki imezimika kwa wiki sita, na mwenye nyumba akiamini kwamba kosa ni la mkono wake.

Katikati ya Desemba nilishuka treni Kilosa nikachukua bodaboda hadi kwake. Tuliketi barazani, ruta ikiwa juu ya kigoda kati yetu, tukaitazama kama watu wanaotazama mgonjwa. Nitayaeleza tuliyoyafanya kwa kirefu kidogo, kwani wasomaji wangu wengi, wakiwamo waheshimiwa wa maofisini, wanayo kasha la aina hiyo na hawajawahi kuligeuza kuona mgongo wake.

Ruta ile ina vitufe vinne. Cha kwanza ni cha kuwashia na kuzimia. Hiki hakifuti chochote. Ukikizima, ukahesabu mpaka kumi, ukakiwasha, ruta huanza kazi upya ikiwa na jina lake, nywila yake na kumbukumbu zake zote, na baada ya dakika mbili hivi huwa imetulia. Matatizo mengi ya ruta iliyochoka huishia hapo. Kitufe cha pili ni cha Wi-Fi: hunyamazisha mawimbi tu, huku kasha lenyewe likiendelea kuwaka. Kuna nyumba nyingi ambamo mtoto au kitambaa cha kufutia vumbi kimekigusa kitufe hiki, na familia ikaamini kwamba kampuni imekata huduma. Taa ya Wi-Fi ikizimika ilhali nyingine zinawaka, bonyeza hicho kabla ya kumtukana mtu.

Kitufe cha tatu kimeandikwa WPS, na hicho ndicho kilichotuokoa. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 2006 ili mtu aunganishe kifaa bila kuandika nywila: ukikibonyeza, ruta hufungua mlango kwa dakika mbili, na kifaa kinachobisha hodi ndani ya muda huo hupokewa. Nilikibonyeza, nikaiambia kompyuta ijiunge, ikajiunga. Nywila ya kiwandani hatukuwa nayo na hatukuihitaji. Kutoka hapo niliingia katika ukurasa wa usimamizi wa ruta kwa jina na nywila zilizoandikwa ndani ya kijitabu chake, nikarejesha mipangilio ya laini. Chini ya robo saa mtandao ulikuwa hewani.

Mjomba hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mgeni yeyote nitakayemkaribisha chai sebuleni anaweza kukigusa hicho, akaingia?" Naam, mjomba. Mwenye kufika kwenye kitufe amefika kwenye mlango. Nikamweleza na lililo baya zaidi: mfumo huohuo una njia ya pili, ya namba ya siri yenye tarakimu 8, ambayo mtu haitaji hata kuingia sebuleni kuitumia. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionesha udhaifu wake. Tarakimu 8 zingepaswa kumlazimu mvamizi kujaribu mara milioni 100. Lakini ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili na kumjibu mbishaji kwa kila kipande, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikia tu, hutokana na zile zilizotangulia. Mjomba alichukua kalamu. Kipande cha kwanza tarakimu 4, uwezekano 10,000. Cha pili tarakimu 3 za kweli, 1,000. "Elfu kumi na moja," akasema, akaiweka kalamu chini. Tukaingia ndani ya mipangilio tukaizima njia ya namba, tukabakiza kitufe, maana kitufe angalau kinahitaji kidole cha mtu aliyemo ndani ya nyumba.

(Wenye simu wasihangaike nacho sana: iPhone hazikuwahi kuukubali mfumo huu, na simu za Android ziliuacha kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018. Manufaa yake yaliyobaki ni kwa mashine za kuchapia, televisheni na baadhi ya kompyuta.)

Cha nne ni lile tundu la pini. Limezamishwa ndani ya kasha kwa makusudi ili mtu asiliguse kwa bahati mbaya. Ukishikilia kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kama kumi, ruta hurudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Yako matoleo ya kampuni fulani ambayo kitufe cha WPS na cha RESET ni kimoja: gusa kwa sekunde moja, unamkaribisha mgeni, shikilia kwa zaidi ya sekunde tano, unafuta nyumba nzima. Sijaelewa ni mhandisi gani aliyeona hiyo ni busara.

Hapo ndipo ninapofika kwenye suala la lugha, ambalo nina ugomvi nalo wa siku nyingi. Kwa Kiingereza, neno la kuwasha upya na neno la kufuta yote hufanana kwa mwanzo wake, na mtu mwenye Kiingereza cha kujisomea huyaona kuwa ni ndugu. Mjomba alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, si mjinga. Alisoma RESET akaelewa "rekebisha." Tundu lile lingeandikwa FUTA YOTE, nani angechomeka pini kwa siku tano mfululizo? Kiswahili hapa kingekuwa kinga, kazi kubwa kuliko kulipamba kasha.

Wala tusiambiwe kwamba istilahi hazipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. BAKITA lipo tangu 1967. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. UNESCO imetupa tarehe 7 Julai iwe siku ya lugha yetu duniani, nasi huipokea kila mwaka kwa hotuba na ngoma. Lakini kijitabu nilichokikuta kwa mjomba kilikuwa kwa Kiingereza na Kichina, chenye herufi ndogo kama mchanga, na hakikuwa na sentensi hata moja kwa lugha ya nchi ambamo kinauzwa.

Najua nitakachojibiwa. Yuko rafiki yangu mtumishi wa umma ambaye, nilipomsimulia, alicheka akaniuliza kama nataka kila bibi kijijini awe fundi wa mitambo. Sitaki hivyo. Lakini bibi huyohuyo huingiza tarakimu 20 za LUKU bila kukosea, na akikosea hurudia kwa utulivu. Hakuna aliyemwambia kwamba hawezi. Tulipoamua kama nchi kwamba kila mlaji wa umeme ajinunulie na kujiwekea, tulikubali pia kwamba ataelewa, naye akaelewa. Na rafiki yangu huyo, nisimwache salama, anafanya kazi katika ofisi ambayo ruta imefungiwa kabatini, ufunguo wa kabati uko kwa afisa mmoja, na afisa huyo akienda likizo idara nzima hutumia bando za mifukoni mwao.

Nilimtafuta pia yule fundi wa mjini, kijana mwenye adabu, tukanywa soda. Nilimuuliza kwa nini hakumwonesha mzee tofauti ya kitufe cha kuwashia na tundu la pini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, mteja akijua kila kitu mimi nitakula wapi?" Sikupata jibu la haraka, na sikutaka kumhubiria mtu anayejitafutia riziki katika nchi ambayo ajira zake sisi wakubwa hatukuzitengeneza. Ila niliona kwamba kauli yake si ya kwake peke yake. Nimeisikia, kwa maneno ya heshima zaidi, katika madirisha ya ofisi ambamo fomu ya bure huelezwa kwa nusu, ili mwombaji arudi tena kesho. Tofauti ni kwamba fundi aliisema wazi.

Basi wajibu uwekwe panapostahili. Vifaa vya mawasiliano haviingii sokoni kwetu kiholela. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayoviidhinisha. Masharti mawili tu yangetosha kuanzia. La kwanza, ruta isiidhinishwe pasipo kijitabu cha Kiswahili na maelezo ya vitufe kwa Kiswahili juu ya kasha lenyewe. La pili, kila ruta itoke kiwandani na nywila yake ya pekee, isiyofanana na ya wenzake.

Sharti hili la pili si la kubembelezwa. Ruta inayofutwa kwa pini hurudi kwenye nywila ya kiwandani, na kama nywila hiyo ni moja kwa vifaa laki moja, basi yeyote mwenye kijitabu ana funguo laki moja. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta za majumbani duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikavigeuza vifaa hivyo jeshi la kushambulia mitandao. Mmoja wa walioshambuliwa alikuwa Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Mwingereza aliyelipwa kuifanya kazi hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 32 jijini London, Januari 2019. Uingereza ilijifunza: tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yake inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vyenye nywila moja ya wote. Kwetu vifaa vya namna hiyo bado vinaweza kukutwa sebuleni, na nilipobadilisha nywila ya usimamizi ya mjomba nilikuwa nafanya kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuifanya.

Nimeeleza kazi ya vitufe, lakini lengo langu ni lile swali la barazani. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Ni hitilafu iliyokuwa mbali mno na kidole cha mtu yeyote wa Kilosa, na bila shaka siku ile pini nyingi zilichomekwa. Mwaka uliofuata ikaja ile ya Oktoba, ambayo haikuwa hitilafu. Kwa mwenye ruta matukio haya mawili huonekana sawasawa: taa ya mawimbi inawaka, taa ya intaneti haiwaki. Hakuna taa inayosema "waya umekatika baharini," wala inayosema "umezimiwa."

Ndiyo maana nadai jambo la tatu, ambalo halihusu kiwanda. Bando likikaribia kwisha, kampuni hututumia ujumbe. Likiisha, hututumia mwingine. Ofa ikija saa nane usiku, tunaamshwa. Basi huduma inapositishwa kwa amri, mteja naye aandikiwe: imesitishwa, kwa agizo la nani, chini ya sheria gani, hadi lini. Ujumbe huo si hisani. Kongo ilizima intaneti tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, Uganda ikazima Januari 2021 kwa siku tano, na kote huko wako wazee waliobaki wakichokora ruta zao kwa pini. Mahakama ya jumuiya ya ECOWAS, tarehe 25 Juni 2020, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ya kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017. Mtu atabishana nami kuhusu usalama wa nchi, na nitakaa naye kubishana. Lakini hata anayeamini kwamba kuzima kulikuwa lazima hana sababu ya kumwacha mwananchi ajidhanie kuwa ndiye mharibifu.

Kabla sijaondoka Mabwerebwere tulikata kipande cha boksi, mjomba akaandika kwa hati yake ya ubaoni. Kwanza, tazama taa. Pili, zima, hesabu kumi, washa. Tatu, toa laini utie kwenye simu janja uone kama inavuta. Nne, muulize jirani mwenye kampuni nyingine. Juu ya lile tundu alibandika plasta, na juu ya plasta akaandika: FUTA YOTE, USIGUSE. Jina la mtandao na nywila mpya akaziandika katika daftari lake la hesabu za shamba, analolifungia kabatini.

Wiki iliyopita alinipigia simu saa moja asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia upesi upesi kama mtu mwenye habari.

"Taa ya tatu imezima," akasema. "Nimezima, nimehesabu, nimewasha. Laini nimeitia kwenye simu ya binti, haivuti. Jirani ana kampuni nyingine, yake inafanya kazi. Nimewapigia kampuni yetu, wanasema mnara una matengenezo mpaka mchana." Akanyamaza kidogo. "Plasta sijaibandua."